Mashabiki wabishana, goti ndilo huamua

Julai mwaka wa 2025 aliingia katika kliniki yangu hapa Nairobi kijana wa miaka 24 akichechemea. Alikuwa amevaa jezi nyeusi ya timu ya mpira wa kikapu ya Portland Trail Blazers ya Marekani, na mgongoni palikuwa pameandikwa jina Oden, nambari 52. Nilimwuliza kama anamjua mwenye jina hilo.

"Simjui, daktari," akanijibu. "Niliipata Gikomba kwa shilingi mia mbili. Nilipenda rangi tu."

Nilicheka kidogo, kisha nikanyamaza. Katika marobota yote ya mitumba yanayofunguliwa Gikomba kila asubuhi, kijana mwenye goti bovu alikuwa amechagua jezi ya mtu ambaye magoti yake yalivunja mioyo ya mji mzima.

Goti lilimuuma chini kidogo ya pia, mahali ambapo kano inayoelekea kwenye mfupa wa muundi hushikana na pia. Madaktari huliita goti la mrukaji. Timu ya mtaa wao ilikuwa na fainali Jumamosi, na yeye ndiye mrefu wao wa pekee. Hakutaka ushauri wala mazoezi. Alitaka sindano. Rafiki yake alikuwa amemwambia kwamba kuna sindano ya steroidi ambayo ukidungwa leo, kesho unaruka kama swara.

Nje ya chumba changu, kwenye benchi la wagonjwa, rafiki huyo alikuwa katika mabishano makali. Wiki ile Portland walikuwa wamemrudisha nyota wao wa zamani, Damian Lillard, kwa mkataba wa miaka mitatu wenye thamani ya dola milioni 42, ilhali kano ya kisigino chake ilikuwa imekatika miezi mitatu tu iliyotangulia.

"Portland wamelala," kijana akasema. "Unampaje mtu wa miaka 35 pesa zote hizo na mguu umekatika? Wana vijana. Wajenge na vijana."

Aliyemjibu alikuwa mzee mmoja karani aliyekuja kupimwa presha, ambaye sikujua kamwe kwamba anafuata mchezo huo. "Kijana wangu, yule ni mtoto wao. Amerudi nyumbani. Timu haijengwi na miguu peke yake."

"Mzee, sasa itajengwa na nini?"

Sikusikia jibu, kwa maana muuguzi alifunga mlango. Lakini nimekuwa nikiyafikiria mabishano hayo. Mimi mwenyewe nilicheza kikapu nilipokuwa chuoni, na nimewasikia mashabiki wakibishana hivi kila mwaka ligi inapofungwa: nani auzwe, nani asajiliwe, tuanze upya na chipukizi ama tushikilie wakongwe. Ni mabishano matamu. Kasoro yake ni moja. Wanaobishana huzungumza juu ya mchezaji kana kwamba ni spea ya gari, unaing'oa hapa na kuipachika pale. Ni mara chache utamsikia mtu akiuliza hali ya gegedu lake.

Na kama kuna mji uliofunzwa somo hili kwa machungu, ni Portland, katika jimbo la Oregon.

Kwanza msomaji aelewe kalenda yenyewe. Ligi kuu ya Marekani, NBA, huanza Oktoba. Kila timu hucheza mechi 82 hadi Aprili, halafu huja michujo ambayo humalizika Juni. Timu iliyotolewa mapema ina takriban miezi sita ya kujipanga upya, na ile iliyofika fainali ina minne hivi. Katika muda huo ndipo chipukizi huteuliwa, wachezaji hubadilishwa baina ya timu na mikataba hutiwa sahihi. Ni muda wa kutosha kupanga mishahara. Kwa kano iliyokatika hautoshi, na kwa gegedu lililosagika hautakaribia kutosha.

Walton na sindano

Portland wametwaa ubingwa mara moja tu, mwaka wa 1977, wakiongozwa na Bill Walton, jitu lenye nywele nyekundu na akili ya kucheza ambayo wazee wa mchezo huu bado huisimulia. Msimu uliofuata walishinda mechi 50 kati ya 60 za kwanza. Kisha mguu wa Walton ukaanza kumsaliti.

Ilipofika michujo ya Aprili 1978, alidungwa sindano ya kuua maumivu ili acheze dhidi ya Seattle. Alicheza. Baadaye picha za eksirei zilionyesha kwamba alikuwa amevunjika mfupa mmoja mdogo wa mguu wa kushoto, ule ulio juu ya upinde wa wayo. Mfupa huo hupata damu kidogo sana katika sehemu yake ya kati, na kwa sababu hiyo ukipata ufa huwa mgumu kuunga. Dawa yake ya kwanza ni kutoukanyagia kabisa kwa wiki kadhaa.

Mapumziko yale ya 1978 hayakuwa ya kusajili wala kuteua. Yalikuwa ya lawama. Walton alikasirishwa na namna alivyotibiwa, akadai aondoke, akakaa nje msimu mzima wa 1978-79, kisha akahamia San Diego. Hadi alipofariki Mei 2024, akiwa na umri wa miaka 71, alikuwa amefanyiwa upasuaji zaidi ya mara 30. Portland hawajapata ubingwa tena.

Huwa sipendi kumhukumu daktari mwenzangu kwa kisa cha zamani ambacho sikukishuhudia. Nina sababu ya kuogopa kufanya hivyo.

Mwaka wa 2008 nilikuwa daktari mchanga katika hospitali ya wilaya, mkoani. Chuo kimoja cha hapo kilikuwa na fainali, na mlinzi wao hodari alikuwa na maumivu kwenye ukingo wa nje wa wayo. Kocha alikuja, mwalimu mkuu akaja, wanafunzi wakajaa uani wakiimba. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na kitu na nilipenda mchezo huo kuliko walivyojua. Sikuagiza eksirei. Nilimdunga ganzi kando ya mfupa, akacheza dakika zote, na chuo kikashinda. Usiku ule mguu ulivimba hata kiatu kikakatwa kwa mkasi. Asubuhi picha ilionyesha mfupa umevunjika na vipande vimeachana. Kwa maoni yangu alianza mechi akiwa na ufa mdogo, na mimi nikamnyima kengele ambayo ingemwambia asimame.

Hakucheza tena mashindano. Leo ni mwalimu, na tukikutana hunisalimia vizuri kuliko ninavyostahili.

Maumivu ni kengele. Ganzi haizimi moto, hukata waya wa kengele. Mchezaji aliyetiwa ganzi hukanyaga mahali ambapo mwili wake ulikuwa umemkataza kukanyaga. Zipo sehemu ambapo sindano kama hiyo haina hatari kubwa, lakini kwenye mguu unaobeba uzito wote, bila picha, ni kamari, na anayepoteza si yule aliyeshika sindano.

Saa saba za kupimwa

Turudi Portland. Mwaka wa 1984 walikuwa na nafasi ya pili ya kuteua chipukizi. Houston waliopata nafasi ya kwanza walimchukua Mnigeria Akeem Olajuwon. Portland wakamchukua Sam Bowie, mrefu wa zaidi ya futi saba kutoka Chuo Kikuu cha Kentucky. Wa tatu alikwenda Chicago. Jina lake ni Michael Jordan.

Miaka zaidi ya 40 imepita na watu bado wanacheka. Mimi sicheki sana. Portland walikuwa tayari na Clyde Drexler, mchezaji wa nafasi ile ile ya Jordan, na walihitaji mtu mrefu chini ya kikapu. Waliwaza jinsi shabiki yeyote mwenye akili timamu angewaza. Tatizo lilikuwa kwamba Bowie alikosa misimu miwili chuoni kwa sababu ya ufa katika muundi wa kushoto, ufa wa uchovu, ule unaotokana na kishindo kidogo kinachorudiwa mara elfu na elfu.

Madaktari wa timu hawakuzembea. Walimpima kwa muda wa saa saba. Lakini katika filamu juu ya maisha yake iliyoonyeshwa mwaka wa 2012, Bowie mwenyewe alieleza kwamba walipomgonga kwenye muundi na kumwuliza kama anasikia uchungu, aliwaambia hasikii kitu, ilhali moyoni alijua panauma.

Nani atamlaumu? Alikuwa kijana mwenye familia ya kutunza, na upande wa pili wa neno moja palikuwa na utajiri. Sisi madaktari tunayaona haya hapa nyumbani kila wakati wa usajili wa jeshi. Kijana aliyevunjika mguu akiwa darasa la sita atakuapia kwamba kovu lile ni la kuumwa na mbwa. Vipimo vyetu vyote, hata hii mashine ya MRI ya bei ghali, huanza na swali la kizamani: unaumwa wapi? Jibu likiwa la uongo, saa saba ni sawa na dakika saba.

Bowie alivunjika muundi wa kushoto mwaka wa 1985 na wa kulia mwaka wa 1986, na msimu wa 1987-88 hakucheza hata mechi moja. Kwa Portland alicheza mechi 139 za ligi katika misimu mitano. Walimwuza mwaka wa 1989, na ajabu ni kwamba huko alikokwenda, New Jersey, alicheza misimu kadhaa bila balaa kubwa. Mifupa yake ilikuwa imepata ilichohitaji, yaani muda.

Magoti matatu

Hapa sasa ndipo penye jezi ya kijana wangu.

Mwaka wa 2006 Portland walimpata Brandon Roy, ambaye alichaguliwa mchezaji chipukizi bora wa mwaka wake. Mwaka wa 2007 bahati nasibu iliwapa nafasi ya kwanza kabisa. Mji ukagawanyika. Wengine walimtaka Greg Oden, mlima wa mtu wa miaka 19, na wengine walimtaka Kevin Durant, mwembamba kama mwanzi. Walioshabikia Oden walikuwa na silaha moja waliyoipenda mno: katika majaribio ya nguvu Durant alishindwa kuinua chuma cha ratili 185, yaani kilo 84 hivi, hata mara moja.

Kama daktari kipimo hicho hunichekesha. Misuli ya kifua haiwezi kukuambia namna magoti yatakavyostahimili mechi 82. Mtu akiruka na kutua, kila goti hubeba uzito wake mara kadhaa, na kadiri anavyokuwa mzito ndivyo deni linavyokua. Lakini tuwe wakweli pia: hakuna aliyekuwa na chombo cha kuona yaliyokuwa yakija.

Juni 2007 wakamchukua Oden. Septemba, kabla hajacheza mechi moja ya ligi, alipasuliwa goti la kulia.

Upasuaji aliofanyiwa unastahili kuelezwa, kwa maana wagonjwa huniuliza juu yake. Gegedu ni ile tabaka nyeupe na laini inayofunika ncha za mifupa ndani ya kiungo, kama ile unayoiona kwenye mguu wa kuku. Halina mishipa ya damu, na kwa hiyo likitoboka halijizibi kama ngozi inavyojiziba. Daktari hutoboa vitundu vidogo kwenye mfupa ulio chini yake ili damu na uboho vitoke, vigande, na polepole viwe kovu linalofanana na gegedu. Kufanana si kuwa. Kovu hilo ni dhaifu zaidi, na huchukua miezi mingi kukomaa. Kwa mtu wa kawaida anayetaka kupanda ngazi bila maumivu linaweza kumfaa kwa miaka. Kwa mtu mwenye uzito unaozidi kilo 110 anayeruka kila usiku, ni kuziba shimo la barabara kwa udongo na kuomba mvua isinyeshe.

Oden alikosa msimu wote wa kwanza. Wa pili alicheza mechi 61. Wa tatu alicheza 21, na Desemba 5, 2009 pia ya goti lake la kushoto ikavunjika mbele ya mashabiki wa nyumbani. Alipasuliwa tena, na tena. Machi 2012 timu ilimwachilia. Jumla yake kwa Portland ni mechi 82, sawasawa na msimu mmoja.

Kisa cha Roy huniuma zaidi, kwa sababu hapo palikuwa na uchaguzi. Aprili 2010 alichanika kipande cha gegedu la kati la goti la kulia, lile linalokaa baina ya mifupa miwili kama mto mdogo. Alipasuliwa tarehe 16. Tarehe 24 alikuwa uwanjani katika michujo dhidi ya Phoenix. Siku nane! Watu walisimama wakamshangilia, na Portland wakashinda siku ile, kisha wakatolewa katika mchujo huo huo. Januari 2011 magoti yote mawili yalifanyiwa upasuaji. Aprili 2011 dhidi ya Dallas alifunga alama 18 katika robo ya mwisho peke yake na kuigeuza mechi iliyokuwa imekwisha potea, usiku ambao watu wa Portland hawausahau. Desemba mwaka huo huo alitangaza kustaafu. Alikuwa na umri wa miaka 27. Mwaka wa 2012 alijaribu tena na Minnesota, akacheza mechi tano.

Sisemi kwamba siku nane zile ndizo zilizomwua kimchezo. Magoti yake yalikuwa na historia ndefu kabla ya hapo, na mto ule ukishapungua, mifupa husuguana na yabisi hufuata, uwe umepumzika ama hukupumzika. Ninachosema ni kwamba katika mabishano yote ya mapumziko ya 2010, kuhusu nani aongezwe kando ya Roy na Oden, timu ilikuwa ikijengwa juu ya magoti matatu mabovu, na kelele za ukumbi ziliyafanya yaonekane mazima.

Kano ya Lillard

Lillard alifika Portland mwaka wa 2012, miezi michache baada ya Oden kuachiliwa, na kwa misimu 11 alikuwa ndiye timu. Juni 2023 mashabiki walibishana juu ya nafasi ya tatu ya uteuzi: iuzwe ili apatikane mkongwe wa kumsaidia, au achukuliwe kijana? Alichukuliwa kijana, Scoot Henderson. Tarehe 1 Julai Lillard aliomba kuondoka, na Septemba akapelekwa Milwaukee.

Machi 2025 madaktari waligundua bonge la damu katika mshipa wa shavu la mguu wake wa kulia. Hili si jambo la wachezaji peke yao, na ningependa msomaji atulie hapa kidogo. Mguu mmoja ukivimba, ukawa na joto na kuuma kwenye shavu, hasa baada ya safari ndefu ya basi au ndege, baada ya upasuaji au ukiwa umefungwa plasta, usiukande kwa mafuta. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Bonge likichomoka na kufika mapafuni laweza kuua. Tiba yake ni dawa za kuzuia damu isigande, na anayezitumia hapaswi kucheza mchezo wa kugongana.

Lillard alitibiwa, akaruhusiwa, na Aprili 22 akarudi uwanjani. Aprili 27, dhidi ya Indiana, kano ya kisigino ikakatika. Wengi walidhani ni mguu ule ule. La, ulikuwa wa kushoto. Julai timu ya Milwaukee iliamua kumwacha, ingawa mkataba wake ulikuwa na zaidi ya dola milioni 100 zilizobaki, deni ambalo walikubali kulilipa polepole kwa miaka mitano. Hiyo ndiyo bei ya kano moja yenye unene wa kidole.

Kano hii ndiyo nene kuliko zote mwilini, lakini sentimita chache juu ya kisigino kuna sehemu ambayo damu huifikia kwa shida. Hapo ndipo hukatika. Na msomaji asidhani ni ugonjwa wa mamilionea. Wagonjwa ninaowaona mimi ni wanaume wa miaka 30 hadi 50, wakaao ofisini Jumatatu hadi Ijumaa na kucheza Jumapili kana kwamba wana miaka 18. Karibu wote husema maneno mamoja: nilidhani mtu amenipiga teke nyuma ya mguu, nikageuka, hapakuwa na mtu. Wengine husikia mlio kama wa kamba kukatika.

Mwenye jeraha hilo bado aweza kutembea kwa kuchechemea na hata kusogeza vidole, na ndiyo maana wengi huambiwa kuwa ni mshtuko tu wa misuli na kupewa dawa ya kupaka. Kipimo ni rahisi. Mgonjwa alale kifudifudi, miguu ikining'inia ukingoni mwa kitanda. Minya shavu la mguu. Kwenye mguu mzima wayo utasogea wenyewe kuelekea chini. Kwenye mguu uliokatika kano, wayo hubaki umekufa. Ukiona hivyo, daktari wa mifupa apatikane siku zile zile za kwanza, si baada ya mwezi. Hatibu wote kwa kisu. Plasta au kiatu maalumu kinachoinua kisigino, pamoja na mazoezi yanayoanza mapema chini ya mtaalamu, hutoa matokeo mazuri kwa watu wengi. Upasuaji hupunguza hatari ya kano kukatika tena, lakini huleta hatari ya kidonda kuoza.

Kuna jambo jingine ambalo silinyamazii. Dawa za jamii ya siprofloksasini, ambazo watu wa mji huu hununua dukani bila cheti cha daktari kila tumbo linapovuruga, zinaweza kudhoofisha kano, hasa kwa aliyevuka miaka 60 na kwa anayetumia steroidi. Shirika la kusimamia dawa la Marekani lilizitia onyo kali mwaka wa 2008. Ukizimeza na kisigino kikaanza kuuma, acha mazoezi na umwone daktari upesi. Mwambie muuza dawa kwamba unacheza. Hatakuuliza.

Je, mtu wa miaka 35 anaweza kurudi? Mfano wa kwanza ni wa Kobe Bryant. Alikatika Aprili 2013 akiwa na miaka 34, akarudi Desemba, baada ya miezi minane, akacheza mechi sita kisha akavunjika goti. Mfano wa pili ni wa yule mwembamba aliyeshindwa kuinua chuma. Juni 2019 Kevin Durant, ambaye alikuwa ametoka kuuguza shavu la mguu kwa mwezi mmoja, alirudi uwanjani kwenye fainali na kano ya mguu ule ule ikakatika. Safari hii hakuharakishwa na mtu. Alikaa nje msimu mzima, akarudi Desemba 2020, miezi 18 baadaye, na akacheza kama aliyekuwa hajaguswa.

Kwa hiyo, kati ya kijana wa benchi na mzee karani, mimi niko na mzee, ingawa si kwa sababu zake za mapenzi. Portland walipomsajili Lillard walijua kwamba ilitarajiwa msimu wa 2025-26 upite akiwa anauguza mguu, na mkataba ukampa miaka mitatu. Kwa mara moja timu hiyo ilipanga hesabu zake kwa kufuata kalenda ya kano.

Kijana wa jezi sikumdunga. Steroidi ndani ya kano ya goti hutuliza maumivu na wakati huo huo huilegeza, na kano ya pia ikikatika mtu hawezi hata kunyoosha mguu. Nilimwambia hivyo, nikamweleza na kisa cha mwalimu wangu wa 2008. Alikasirika. Nilimwandikia mazoezi: kuchuchumaa polepole kwenye ubao ulioinama, kushuka ngazi kwa mguu mmoja, uzito ukiongezwa kidogo kidogo kwa wiki zisizopungua 12, maumivu madogo yakivumiliwa na makali yakiheshimiwa. Aliikunja karatasi na kuitia mfukoni bila kuisoma.

Jumatatu alirudi. Timu yao ilikuwa imeshindwa kwa alama nne, na yeye alikaa benchi akipiga kelele hadi sauti ikakauka. Hakuja kwa ajili ya goti, alisema, alikuwa akipita tu.

"Daktari, huyu Oden. Alicheza tena?"

"Alicheza. Januari 2014, na Miami. Zaidi ya miaka minne baada ya ile pia kuvunjika."

"Mechi ngapi?"

"Ishirini na tatu, msimu ule."

Alitulia kidogo akiangalia goti lake. Kisha akaitoa ile karatasi mfukoni, sasa ikiwa imechakaa kwenye mikunjo, akaniuliza kama zile ngazi ni mara moja kwa siku au mbili.